Kabla ya Kubadili Kioo cha Runinga, Lipimwe Jicho

Mnunuzi anayeingia katika duka la vifaa vya umeme, Kariakoo au kwingineko, hukutana na ukuta wa runinga zilizowashwa zote kwa pamoja. Mahali pa heshima hutundikwa runinga ya OLED. Weusi wake ni weusi kweli, rangi zake zimekolea, na bei yake ingetosha kununua runinga kadhaa za LCD zilizopangwa pembezoni. Muuzaji hueleza sifa zake moja baada ya nyingine. Na akiona mnunuzi bado anasita, hutoa hoja ya mwisho ambayo mzazi hupata taabu kuipinga: kwamba runinga hiyo haiumizi macho.

Hoja hiyo ndiyo inayolitoa suala hili dukani na kulifikisha katika chumba cha daktari. Yapo mambo mengi yanayoweza kumfanya mtu achague runinga ya gharama kubwa, na mengi kati ya hayo ni halali. Lakini mzazi anapotoa akiba ya familia kwa kuamini kwamba ananunua kinga ya macho ya mwanawe, huku mtoto huyohuyo akiwa hajawahi kupimwa macho hata mara moja, hasara inayopatikana si ya fedha peke yake. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba baina ya OLED ya bei ya juu na LCD ya bei nafuu hakuna tofauti ya kiafya inayostahili kulipiwa. Kwamba kwa familia nyingi, na kwa karibu vituo vyote vya afya, LCD ya bei nafuu inatosha. Na kwamba malalamiko kuhusu runinga, yakisikilizwa vizuri, mara nyingi ni malalamiko kuhusu jicho.

Vioo viwili, njia mbili za mwanga

LCD ni kioo cha fuwele kimiminika, yaani vitu vinavyotiririka kama kimiminika ilhali chembe zake zimejipanga kwa utaratibu kama zilivyo katika fuwele. Wahudumu wa afya huenda wakapendezwa kujua kwamba vitu hivyo viligunduliwa na mtu aliyekuwa akichunguza kolesteroli. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliona kwamba kiambata kimoja cha kolesteroli kiliyeyuka mara mbili: kwanza kikawa kimiminika chenye ukungu, kisha, joto lilipozidi, ukungu ukatoweka na kikawa angavu.

Fuwele hizo hazitoi mwanga. Kazi yake ni kama ya vibao vya dirisha vinavyofunguka na kufunga, vikiruhusu au kuzuia mwanga wa taa zilizo nyuma ya kioo. Siku hizi taa hizo ni za LED, na ndiyo sababu runinga nyingi zinazouzwa kwa jina la LED ni LCD zilezile. Vivyo hivyo QLED, jina linalotofautiana na OLED kwa herufi moja tu, ni LCD iliyoongezewa utando wa chembe ndogo sana za kuboresha rangi. Mnunuzi asiyelijua hilo huweza kudhani amenunua kitu kimoja akabeba kingine. Kwa kuwa vibao hivyo havifungi kabisa, mwanga kidogo hupenya, na picha ya usiku huonekana ya kijivujivu. Katika runinga za bei nafuu, baadhi ya vioo pia hupauka vikitazamwa kwa pembeni.

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha imetengenezwa kwa viambata vya kaboni vinavyotoa mwanga vikipitishiwa umeme. Msingi wa teknolojia hii uliwekwa na Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, waliochapisha kazi yao mwaka 1987. Runinga ya kwanza ya aina hiyo kuingia sokoni, mwaka 2007 nchini Japani, ilikuwa ya inchi 11 tu. Runinga ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8, na katika OLED kila moja huweza kuzimwa peke yake. Nukta iliyozimwa ni nyeusi kwelikweli. Hicho ndicho mnunuzi anacholipia, na hakuna sababu ya kukibeza.

Jicho linapokea nini?

Swali la mganga ni tofauti na la muuzaji. Muuzaji huuliza kioo kinatoa nini. Mganga huuliza jicho linapokea nini.

Jicho lenye uwezo kamili wa kuona, unaoandikwa 6/6, hutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Runinga ya LCD ya inchi 43 yenye nukta 1,920 kwa upana ina nukta za takribani nusu milimita kila moja. Mtu akikaa mbali nayo kwa mita 1.7 au zaidi, jicho lake haliwezi tena kuzitofautisha nukta hizo. Viti vya sebule nyingi viko mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo madai kwamba familia iliyokaa mita 3 inahitaji kioo cha gharama ili picha ikolee ukali hayana nguvu kubwa.

Tofauti ya weusi nayo huhitaji giza. Mchana, mlango ukiwa wazi na pazia limevutwa kando, mwanga wa nje hugonga kioo na kurudi machoni, na weusi wa OLED hupoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Faida yake kamili hupatikana usiku, taa zikiwa zimezimwa. Ni faida ya starehe, na starehe ni haki ya aliyeitafuta kwa jasho lake. Lakini isiitwe tiba.

Hoja ya mwanga wa buluu imeenea kuliko zote. Ni kweli kwamba taa za LED za nyuma ya LCD hutoa mwanga wa buluu, na OLED kwa kawaida hutoa kidogo zaidi. Ila jua la mchana humwaga mwanga unaoweza kufikia laksi 100,000, na mwanga wa runinga ya aina yoyote ukilinganishwa na huo ni kama kibatari. Hakuna ushahidi kwamba mwanga wa skrini za kawaida huharibu retina. Hata miwani inayouzwa kwa ajili ya kuchuja mwanga huo haijathibitika kuwa na msaada: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2023 ulionyesha kwamba, kwa muda mfupi, huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko miwani isiyo na kichujio.

Uchovu huo upo, na wagonjwa hawauzushi. Vyanzo vyake vya kawaida ni kukodoa bila kupepesa hadi uso wa jicho ukakauka, mng'ao wa dirisha unaoakisiwa na kioo, kutazama skrini yenye mwanga mkali katika giza totoro, na zaidi ya yote, jicho linalohitaji miwani na halijaipata. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa kubadili teknolojia ya kioo. Lipo pia jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa: simu iliyoshikwa sentimita 30 kutoka usoni huyadai macho juhudi ya kulenga mara 10 ya ile inayodaiwa na runinga iliyo mita 3. Mtoto anayetazama katuni katika LCD ya bei nafuu upande wa pili wa sebule anayatumikisha macho yake kidogo kuliko anayezitazama katika simu ya bei kubwa chini ya shuka.

Usingizi na kifafa hutajwa pia. Mwanga wa usiku na msisimko wa vipindi huchelewesha usingizi. Dawa yake ni kuzima runinga mapema. Kuhusu kifafa, tukio linalokumbukwa ni la tarehe 16 Desemba 1997, ambapo zaidi ya watoto 600 nchini Japani walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi cha katuni chenye mwanga wa rangi nyekundu na buluu uliopishana kwa kasi. Chanzo kilikuwa picha yenyewe, na runinga za siku hizo zilikuwa za chogo. Mgonjwa ambaye kifafa chake huchochewa na mwanga unaomweka hushauriwa akae mbali na runinga, aache taa ya chumba ikiwaka, na picha ikianza kumweka afunike jicho moja kwa kiganja huku akigeuka. Ushauri huo haubadiliki kwa aina ya kioo.

Kusogelea runinga ni dalili

Katika nyumba nyingi mtoto akisogelea runinga hukemewa: “Rudi nyuma, utaharibu macho!” Woga huo una historia. Mwaka 1967 nchini Marekani baadhi ya runinga za rangi za chogo ziligundulika kutoa eksirei kupita kiwango kinachokubalika, na wazazi wakaonywa wawaweke watoto wao mbali. Runinga za chogo zilitumia bomba lenye volti makumi ya maelfu. LCD na OLED hazina bomba hilo wala hazitoi eksirei. Onyo lilibaki hata baada ya sababu yake kwisha.

Kukaa karibu hakuharibu jicho. Mara nyingi ni jicho lenyewe linalomsogeza mtoto karibu. Mtu akipunguza umbali kwa nusu, taswira katika retina yake hukua maradufu. Mtoto asiyeona mbali ameigundua fizikia hiyo bila kufundishwa. Kumrudisha nyuma ni kumnyang'anya msaada aliojitafutia, na kumnunulia kioo kinachong'aa zaidi ni kumpa ukungu wa rangi nzuri. Anachohitaji ni kusimama mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi E, afunike jicho moja kisha jingine, na aonyeshe kwa vidole herufi imeelekea upande gani. Kipimo hicho hakihitaji mtambo, na zahanati yenye ukuta, ubao na mhudumu aliyefundishwa inaweza kukifanya.

Kuchelewa kuna gharama. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha. Jicho moja likiwa na kasoro kubwa kuliko la pili, ubongo huliacha na kulitegemea lile zuri, na mtoto huendelea kucheza na kutazama runinga kana kwamba mambo ni sawa. Jicho hilo huokolewa kwa urahisi zaidi kabla ya mtoto kutimiza miaka 7 au hivi. Baadaye kazi huwa ngumu, na wengine hubaki na uoni hafifu katika jicho hilo maisha yote. Mzazi anaweza kujaribu nyumbani: mtoto atazame runinga huku jicho moja limefunikwa kwa kiganja, kisha jingine. Akitulia upande mmoja na kuutoa mkono kwa nguvu upande wa pili, apelekwe kwa daktari wa macho. Na ikiwa ndani ya mboni panaonekana weupe, kwa macho au katika picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, asisubiri hata wiki: weupe huo unaweza kuwa saratani ya jicho la mtoto, na muda ndio unaoamua iwapo jicho na uhai vitaokolewa.

Dalili za wazee nazo husikika sebuleni kabla ya kufika kliniki. Babu husema runinga imefifia, rangi zimekuwa za manjano, au taa ya picha inamchoma. Wajukuu hubonyeza rimoti, huongeza mwangaza, hatimaye huchangishana kununua runinga mpya. Picha hubaki ileile, kwa sababu kilichofifia ni lenzi ya jicho la babu. Ni mtoto wa jicho, na tiba yake ni upasuaji wa muda mfupi. Aliyevuka miaka 40, anayeona runinga vizuri lakini akishindwa kusoma maandishi ya vitufe vya rimoti, anahitaji miwani ya kusomea. Presha ya macho ni ya hila zaidi: huanza kuiba uoni wa pembeni, na mgonjwa aliyekaza macho katikati ya skrini huweza asijue hadi wizi umekwisha kufanyika.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayeuliza historia ya mgonjwa asilipuuze swali la runinga. “Hukaa wapi unapoitazama? Zamani ulikaa wapi?” Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kumwambia mengi.

Je, rahisi ni ghali?

Wapo watakaojibu kwa methali: rahisi ghali. Hoja yao inastahili kusikilizwa, kwa maana zipo runinga za bei ya chini zinazokufa kabla ya mwaka kwisha, zenye sauti kama ya kopo, na ambazo dhamana yake ni karatasi tu. Kununua LCD ya bei nafuu si kununua chochote kilicho rahisi. Ni kutafuta yenye dhamana inayotambulika, kuitazama dukani ukiwa umesimama pembeni na si mbele tu, na kuhakikisha king'amuzi cha nyumbani kitaunganishwa nayo.

Lakini methali hiyo inakata pande mbili. Katika LCD, kinachokufa mara kwa mara ni taa za nyuma, na mafundi wengi wa mitaani huzibadilisha. Kioo chenyewe hubaki. Katika OLED kioo na taa ni kitu kimoja. Kikiharibika, ukarabati hukaribia bei ya runinga nzima. Viambata vinavyotoa mwanga huchakaa kwa matumizi, hasa vya rangi ya buluu, na sehemu ya kioo inayoonyesha kitu kilekile kwa saa nyingi, kwa mfano nembo ya kituo cha habari, huweza kubaki na kivuli kisichofutika. Watengenezaji wameupunguza udhaifu huo kwa mbinu mbalimbali, ila hawajauondoa. Mahali umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha gharama kisicho na stabilaiza ni mali iliyowekwa rehani.

Yupo ambaye OLED inamfaa: mpenzi wa filamu anayetazama usiku, mwenye chumba kinachoweza kutiwa giza, wageni wanaokaa pembe zote za sebule, na kipato ambacho hakitatetereka. Mtu huyo anunue na afurahi. Anachoombwa ni kuiita furaha yake kwa jina lake, asimhadithie jirani kwamba amenunua afya.

Ukumbi wa kusubiria

Uamuzi huohuo hukabili kamati za vituo vya afya, na huko jibu ni rahisi zaidi. Ukumbi wa wagonjwa wa nje hauna giza. Una milango miwili, madirisha makubwa na jua. Runinga huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, ikionyesha namba za foleni mahali palepale na nembo ileile kwenye kona. Mazingira hayo huidhuru OLED na kuificha faida yake. LCD ya bei nafuu huyavumilia. Kwa fedha za OLED moja, kituo kinaweza kuweka LCD mbili katika ncha mbili za ukumbi, ili mama aliyekaa nyuma na mtoto mgonjwa mapajani asilazimike kusimama kusoma namba yake.

Kinachosahaulika zaidi ni maandishi. Mgonjwa mwenye uoni wa 6/18 aliyekaa mita 6 kutoka kwenye skrini huweza kutambua kwa shida herufi yenye urefu wa milimita 26. Ili asome bila taabu, herufi iwe na urefu wa sentimita 5 hivi, maana yake runinga ya inchi 43 ibebe mistari 5 au 6 tu. Somo la chanjo lililobanwa katika mistari 20 halisomwi na wale wanaolihitaji zaidi, hata likionyeshwa katika kioo cha gharama kiasi gani. Skrini itundikwe mahali jua lisipoakisiwa, ifungwe imara ukutani, na maneno yanayosemwa yaandikwe pia chini ya picha kwa ajili ya viziwi.

Pana mahali pamoja hospitalini ambapo ubora wa kioo ni suala la tiba: chumba cha kusomea picha za eksirei na CT. Vioo vya kazi hiyo hurekebishwa kwa kiwango cha DICOM ili kila ngazi ya kijivu ionekane inavyopaswa. Runinga ya sebuleni, iwe LCD au OLED, hutengenezwa kupendeza. Huongeza weusi na weupe kwa namna inayoweza kuficha ufa mwembamba wa mfupa au kivuli hafifu cha pafu. Hospitali inayobana fedha za ukumbini ili isibane za chumba hicho imepanga vizuri.

Fedha inayobaki

Tofauti ya bei kati ya runinga hizi mbili si fedha ya kufikirika. Ni noti zinazobaki mfukoni siku ileile, na zina kazi ya kufanya. Ya kwanza ni kupima macho ya watu wote wa nyumba: watoto kabla na baada ya kuanza shule, watu wazima kuanzia miaka 40, mwenye kisukari kila mwaka hata kama anaona vizuri, na mwenye ndugu aliyepofushwa na presha ya macho bila kungoja dalili. Ya pili ni miwani kwa atakayeandikiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao bilioni 1 hawakukosa upasuaji wa ajabu. Walikosa miwani au upasuaji wa kawaida wa mtoto wa jicho.

Ya tatu ni ndogo: kifungio cha kuibana runinga ukutani au mezani, kwa maana runinga inayomwangukia mtoto anayetambaa humdhuru kwa hakika kuliko mwanga wake. Ya nne haigharimu kitu. Katika jiji la Guangzhou nchini China, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walifuatiliwa kwa miaka 3, asilimia 30.4 walipata tatizo la kutoona mbali, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wenzao ambao hawakuongezewa. Mwanga wa kiwanja cha mpira umelifanyia jicho la mtoto kazi ambayo hakuna runinga iliyoithibitisha. Kwa walio chini ya miaka 5 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mkali zaidi: chini ya miaka 2 wasikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku.

Muuzaji hana kosa la kusifia bidhaa yake. Ndiyo riziki yake. Kosa ni la mfumo wa afya ukimwachia awe ndiye mshauri wa macho anayefikika kwa urahisi kuliko wote. Kila zahanati yenye ubao wa herufi E uliofungiwa kabatini imemwachia nafasi hiyo. Ubao utolewe, ubandikwe, na mita 6 zipimwe sakafuni kwa rangi. Mzazi anayewaza kubadili runinga kwa sababu mtoto anaisogelea mno aanzie hapo. Huenda akarudi nyumbani na miwani midogo usoni mwa mtoto, akaikuta LCD yake ya zamani ukutani, na mtoto akaketi kwenye kochi la mwisho akiitazama bila taabu.